Barua kwa mdogo wangu aliye Houston: Juni 19 si siku ya kufua tu

Mdogo wangu,

Ulinieleza kwamba Juni 19 kazini kwenu hamwendi, na kwamba hujui ni sikukuu ya nini, ila umeshukuru kupata siku ya kufua na kulala. Pumzika, umechoka kweli. Lakini jambo lenyewe, kutangazwa kwa mwisho wa utumwa Texas, ambalo Wamarekani huliadhimisha kwa jina la Juneteenth, lilitokea hapo jirani yako, Galveston, kilomita 80 hivi kutoka kwako, na nataka ulijue.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi, Rais Abraham Lincoln alitangaza Januari 1, 1863 kwamba watumwa katika majimbo hayo ni huru. Texas ilikuwa mbali na majeshi ya Kaskazini, hivyo tangazo halikuwa na wa kulisimamia. Mabwana wa majimbo mengine hata wakawahamishia watumwa wao huko wasije wakawakosa. Jenerali Lee wa jeshi la Kusini akasalimu amri Aprili 1865, Lincoln akauawa siku chache baadaye, na bado watu wapatao 250,000 walikuwa utumwani Texas. Ndipo Juni 19 Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Kaskazini akatoa, hapo Galveston, Amri Namba 3: watumwa wote ni huru.

Isome yote, tafadhali, ni fupi. Wengi huishia kwenye sentensi ya kwanza. Inayofuata inataja usawa kamili wa haki za mtu na za mali kati ya bwana na aliyekuwa mtumwa wake. Kisha maneno yanageuka: waliokombolewa wanashauriwa wabaki kwa utulivu palepale walipo, wafanye kazi kwa ujira, wasikusanyike kwenye kambi za jeshi, wala hawatalishwa wakikaa bure. Hapo ndipo ninapoumia. Watu waliotumikishwa maisha yao yote, siku ya kwanza ya uhuru wanaonywa kuhusu uvivu! Na wako mabwana walioificha habari hiyo hadi mavuno yakaisha.

Waliokombolewa wenyewe hawakungoja ruhusa. Mwaka uliofuata tayari waliisherehekea. Mwaka 1872, hapohapo Houston, Mchungaji Jack Yates na wenzake waliongoza mchango, wakanunua ekari 10 ziwe uwanja wao wa sherehe. Ndiyo Emancipation Park, yaani Bustani ya Ukombozi, ipo mtaa wa Third Ward hadi leo. Jimbo la Texas liliifanya Juni 19 kuwa sikukuu rasmi mwaka 1980. Marekani nzima, 2021.

Wapeleke watoto mwaka huu. Jua la Juni huko ni kali, bebeni maji na kofia. Wakiuliza bustani ni ya nani, waambie kwanza nani waliichangia. Halafu nipigie, nisikie walivyosema.

Kaka yako