Kwa nini hatukuuzii cheri ya maua hapa Lubumbashi

Juzi tena mama mmoja ametujia kitaluni na simu mkononi, picha ya mti huo: maua ya rangi ya waridi tupu, hata jani moja hauna. Tulipomwambia hatuuzi cheri ya maua, alisema tunaficha ili tumalize jakaranda zetu. Neno hilo linatuuma.

Mama, mti ule unataka baridi. Macho yake ya maua hulala miezi ya baridi, na ili yaamke pamoja yanahitaji mamia ya saa za baridi kali, karibu nyuzi 7 kushuka chini. Japani ilipoipa Washington miche 3,020 mwaka 1912, ilipelekwa mji wenye theluji. Hapa Julai usiku tunajifunika blanketi mbili, lakini saa tano asubuhi mtu ameshavua koti. Mti hausinzii vya kutosha.

Baba mmoja wa mtaa wa Golf hakutuamini. Aliagiza miche mitatu ya cheri iliyopandikizwa kutoka nje, akalipa na usafiri. Mwaka wa tatu alituita. Nilifukua shina kwa vidole: kile kinundu cha pandikizi, pale cheri inapounganishwa na shina la mti wa mwitu, kilikuwa kiganja kizima chini ya udongo mwekundu, ganda limelowa, linanuka. Matawi yote aliyokuwa akiyamwagilia yalitoka chini ya kinundu, kwenye ule mti wa mwitu, si kwenye cheri.

Sasa bei ya jakaranda, inatoka wapi. Mche wetu unakaa kitaluni miaka miwili, tunaubadilishia sashe, mfuko wake wa plastiki, kila mizizi inapogusa chini, na Septemba tunamwagilia asubuhi na jioni. Shimo tunachimba sentimita 60 kila upande, kwa sururu, maana chini kuna mawe mekundu. Wengi wanachukua mche, shimo wanamwachia mlinzi. Mmoja wao aliupanda na sashe yake. Baada ya mvua mbili mti ukalala. Niliung'oa kwa mkono mmoja, mizizi imezunguka kama kamba ndani ya ndoo. Alilipa mche wa pili, na safari hii akalipa na shimo.

Na tunasema kabla hujalipa: jakaranda ya mbegu inaweza kukaa miaka saba au zaidi bila ua. Lakini ikianza, Oktoba inachanua matawi yakiwa karibu matupu, kama kwenye ile picha, ila zambarau.

Mashimo tunaanza kuchimba mvua ikishika, Novemba. Njoo na vipimo vya parseli, utuonyeshe bomba la maji linapita wapi na fosi, shimo la choo, liko wapi.