Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Timu Yetu Ibaki Hapa, na Tuwe na Sauti Ndani Yake

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mashabiki, wazee wetu na viongozi wa matawi,

Taarifa yangu ya mwaka huu ina jambo moja zito. Naomba nimalize kwanza yale mengine. Hesabu zilizokaguliwa zimo kwenye makabrasha mliyopewa mlangoni, na mhazini atazisoma katika ajenda ya nne. Tumepokea matawi mapya, na viongozi wake wapo hapa leo. Basi la mashabiki lilikwenda ugenini kila mfuko uliporuhusu, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia njiani. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tuliwasitiri, na familia zao zimepewa rambirambi kama katiba yetu inavyoelekeza.

Sasa timu. Tangu mzunguko wa pili wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, uanze, mnunuzi kutoka mkoa mwingine amekuwa akiitaka timu yetu ili aihamishie kwao, na mmiliki hajamkatalia. Kamati ya utendaji imekutana na mmiliki na pia na ofisa michezo wa wilaya. Nawaeleza tulichokikuta.

Wengi mmeniuliza timu inauzwaje na sisi tupo. Jibu liko kwenye usajili. Klabu hii ilianza kama klabu ya wanachama, ikasajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, ikiwa na katiba. Madeni yalipoizidi, uongozi wa wakati ule uliikabidhi kwa mfadhili, kampuni ikasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kila kinachohusu ligi kikahamia kwenye kampuni hiyo. Kadi tulizonazo mifukoni ni za chama hiki cha mashabiki. Ndani ya kampuni hazina hata kura moja. Mmiliki akisaini leo usiku, sisi tutasikia redioni kesho asubuhi.

Tuelewe pia kinachouzwa ni nini. Wachezaji wengi mikataba yao inaisha msimu ukiisha, kwa hiyo si wao. Jezi, mipira na lile basi la timu haviwezi kumtoa mtu mkoa mwingine. Anachokitaka ni nafasi ya Championship. Mji ukianza na timu mpya unatakiwa kupita ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, ndipo uifikie Championship, na katika kila ngazi unaweza kukwama miaka. Mwenye fedha anainunua ile miaka. Na miaka hiyo ni yetu: ni vijana waliocheza peku kwenye kiwanja cha shule, ni kina mama waliowapikia wachezaji kambini kwa mkopo, ni wazee waliochangishana nauli ya kwenda kituo cha mabingwa wa mikoa. Haimo kwenye hesabu za kampuni, lakini ndiyo inayoipa bidhaa hiyo bei.

Wa kutuonya hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Majirani zetu wa Mbarali walikuwa na Ihefu, iliyochukua jina la bonde la Ihefu huko Usangu. Novemba 29, 2022, pale uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kuikatia rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilijifunza siku ile Ubaruku iko wapi. Oktoba 2023 wakaifunga tena, palepale, kwa mabao yaleyale. Miezi michache baadaye, msimu ukiwa katikati, mechi za nyumbani zilihamia Uwanja wa Liti, Singida, na msimu uliofuata jina likawa Singida Black Stars. Kanuni za ligi zilifuatwa, na mwekezaji ana haki zake. Lakini nani alimuuliza mkulima wa Ubaruku?

Wapo wanachama wanaosema tusihuzunike sana, kwamba timu ikiondoka sisi tutainunua nyingine siku za mbele. Nawaomba waitazame Singida yenyewe. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, na 2020 ikashuka. Mwaka 2022 ikaja timu iliyokuwa ikiitwa DTB, ikawa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, halafu ikaondoka, na leo Fountain Gate iko Babati, Manyara. Pengo hilo likazibwa na Ihefu. Kitayosce nayo, yenye chimbuko Kilimanjaro, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 na ikacheza kwa jina la Tabora United. Siwalaumu mashabiki wa Singida wala wa Tabora, kwani wanapenda mpira kama sisi. Nasema tu kwamba mji ulioletewa timu na mkataba hauna uhakika nayo zaidi kuliko mji ulionyang'anywa.

Nataka nimtendee haki mmiliki wetu. Alitufungulia madaftari, na tulichokiona kinatisha. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, na 15 kati ya hizo ni safari. Kutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kila safari ni ndefu, iwe ya Kanda ya Ziwa au ya Pwani: mafuta, hoteli, posho, chakula cha kikosi kizima na benchi la ufundi. Mapato ya milangoni hayatoshi hata kulipa mishahara ya mwezi mmoja. Mkataba wa Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu, wa mwaka 2021, ule wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umebadilisha maisha ya klabu za Ligi Kuu. Kwa ngazi yetu mfadhili ndiye anayebeba mzigo. Huyu ameubeba peke yake kwa misimu kadhaa huku sisi tukimdai ushindi kila Jumamosi. Amechoka, na uchovu wake ni wa kweli.

Uwanja pia unampa sababu. Hauna vyumba vya kubadilishia nguo vinavyokubalika, eneo la kuchezea ni bovu, na uzio umeanguka upande wa mashariki. Bodi ya Ligi imekwisha kuvifungia viwanja vya timu kubwa kuliko yetu kwa kasoro kama hizo, na timu zao zikalazimika kucheza nyumbani kwa watu. Timu yetu ikifungiwa uwanja, itahamia mkoa mwingine kwa muda, na huo muda ndio mnunuzi anaousubiri. Kwa hiyo ukarabati wa uwanja si suala la halmashauri pekee. Ni kinga yetu ya kwanza, na kamati inaomba mwaka ujao sehemu kubwa ya mfuko wetu, pamoja na nguvu kazi za matawi, ielekezwe huko kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu umiliki, njia ipo na imepitiwa. Simba, mwaka 2017, wanachama walikubali mabadiliko, na mfanyabiashara Mohammed Dewji akashinda zabuni kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Msimamo wa Serikali ukawa kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Yanga nao wakapitisha katiba ya mfumo huohuo mwaka 2021. Kumekuwa na mivutano katika klabu zote mbili, na sitaificha, lakini hakuna anayeweza kuamka akaipeleka Simba au Yanga mkoa mwingine. Utaratibu huo umewalinda kwa sababu ni klabu za wanachama. Sisi ulinzi huo tuliupoteza siku tulipoacha klabu igeuke kampuni ya mtu mmoja, na sasa tunapaswa kuununua tena, hisa kwa hisa.

Mwanachama mmoja alinitaka nieleze habari za Wimbledon ya Uingereza, na inafaa. Mei 2002 tume ya watu watatu iliamua, wawili dhidi ya mmoja, kwamba klabu iruhusiwe kuhamia Milton Keynes, kilomita nyingi nje ya London. Mashabiki hawakuifuata. Mwaka huohuo walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa mtaani, wakaanzia madaraja ya chini. Mwaka 2011 wakarudi kwenye ligi za kulipwa, na Novemba 2020 wakacheza tena Plough Lane, mtaa wao wa asili. Klabu inashikiliwa na umoja wa mashabiki. Nawavulia kofia. Lakini iliwachukua miaka 18 kurudi nyumbani, nao wana kipato ambacho sisi hatuna. Sitaki wazee walioketi safu ya mbele hapa waambiwe wasubiri miaka 18.

Kwa hiyo kamati inaleta maombi kwenu, na ajenda ya sita ndipo tutakapoyapigia kura. Kwanza, chama kisajili chombo cha kushika hisa kwa niaba ya wanachama, na mmiliki aombwe rasmi kutuuzia sehemu sasa, kabla ya mgeni. Amesema kwa mdomo kwamba yuko tayari kuzungumza, na tunataka maandishi. Hatuna fedha za kununua asilimia 51 mwaka huu. Tunaweza kuanza na hisa chache, ilimradi mkataba uwe na kifungu ambacho kamati haitakubali kukilegeza: jina, rangi na mji wa nyumbani visibadilishwe bila theluthi mbili ya kura za wanachama. Mwekezaji mpya akija, akakikubali kifungu hicho, mimi mwenyewe nitakwenda kumpokea stendi, hata akitoka mkoa gani. Akikikataa, tutakuwa tumeijua nia yake mapema.

Pili, ada ya mwaka ipande. Najua msimu wa mavuno umekuwa mgumu na wapo wanaolipa kwa awamu. Awamu zitaendelea kupokelewa, na hakuna atakayefutwa kwa sababu ya umaskini.

Tatu, kamati ipewe idhini ya kuandika barua kwa Baraza la Michezo la Taifa na TFF, shirikisho la soka nchini, kuomba kwamba pale timu inapotaka kuhamishwa mkoa, chama cha mashabiki kilichosajiliwa kisikilizwe kabla ya uamuzi. Nakala zitakwenda kwa mkuu wa wilaya na mbunge wetu.

Fomu za ahadi za hisa ziko kwa makatibu wa matawi. Asiyejua kusoma atasaidiwa kujaza mbele ya shahidi wake. Dirisha la usajili na uhamisho wa timu halitatusubiri, kwa hiyo naomba fomu zote zirudi kabla ya mechi ya mwisho ya msimu.

Mwenyekiti