Wifi, cherehani ya mama ilikuwa na kazi za watu

Wifi yangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu WhatsApp umenifungia, na simu ya kaka kila nikipiga anapokea mtoto, anasema baba kalala. Saa nne asubuhi baba kalala. Haya. Humu najua unapita, utasoma.

Nikutoe hofu kwanza: sikudai. Ile hela ya ada ya wa pili niliitoa kwa moyo, nilisema mbele ya mama mdogo na siirudii. Watoto wale ni wangu kama walivyo wako, na wewe mwenyewe, kabla ya mambo haya, ulikuwa mtu wa kwanza ninayempigia nikipata jambo, kabla hata ya mama.

Lakini siku ile, wifi. Mimi nilikuwa nimekuja sikukuu, bado sijarudi Dar. Januari, shule zinafunguliwa Jumatatu, mama ana rundo la sare barazani mpaka kwenye kiti cha wageni. Unajua kuliko mimi kwamba kazi za mwezi ule ndizo zinazomlisha hadi Pasaka. Wakaja vijana wawili wa ule mkopo wako na yule dada wa fomu, guta limesimama nje. Kwenye karatasi yao, chini ya mali za mkopaji, wameandika runinga, kabati, jiko la gesi, cherehani. Cherehani! Na muhuri wa serikali ya mtaa uko pale.

Mama hakubisha. Alisema, "Wanangu, niacheni nimalize upindo huu, mtoto wa watu anaanza darasa la kwanza." Wakasubiri, mmoja kakalia ndoo. Akashona hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akachomoa bobini kwa kuwa uzi ule ulikuwa wa mteja, akawaambia bebeni. Walipouliza uko wapi, mama yangu, huyu huyu anayemrudishia konda mia iliyozidi, akajibu umekwenda Kilosa msibani.

Ulikuwa chumbani. Pazia halifiki chini, wifi. Nilikuona ndala.

Kukopa, nani hajakopa? Hilo halijanikaa. Kilichonikaa ni Kilosa. Na jioni ukatoka, ukasonga ugali, ukamnawisha mama mikono, na hakuna aliyesema neno.

Najua ilianzia wapi, usidhani nimesahau. Kaka alivunjika mguu, pikipiki ya mkataba ikarudi kwa mwenyewe ikiwa imebakiza miezi michache iwe yake, na hesabu yote aliyokuwa amepeleka ikapotea. Nyumba nzima ilikula chapati zako. Mama pia. Ndiyo maana alidanganya kwa ajili yako bila hata kufikiri.

Lakini chapati zile tulizipigia hesabu mimi na wewe pale jikoni. Kilo tatu za ngano, chapati thelathini na kitu, kwa 500 ni kama 16,000. Toa ngano, toa mafuta, toa mkaa, unabaki na 6,000, au 7,000 siku ikiwa nzuri. Halafu ukaenda kuchukua mkopo wa kausha damu wa 300,000, wakakata 15,000 ya fomu palepale, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Hiyo ni 390,000. Chapati gani inalipa 13,000 kwa siku, na watoto bado hawajala? Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wadogo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 ni 10,500. Wewe ulitozwa 90,000, na mtu akakupa daftari ukasaini.

Likakushinda, ukafukia kwa mkopo wa simu. Wa simu ukaufukia kwa kikundi. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza programu 69 za simu zinazokopesha bila kibali nilikutumia orodha, ukanijibu kwa kikatuni cha kucheka. Kisha wakampigia tajiri yangu dukani Kariakoo, wakamwambia mimi ni mdhamini wa tapeli. Namba yake waliitoa wapi kama si kwenye simu yako? Nilisimama mbele yake mikono nyuma kama mwanafunzi. Hilo nalo hukuwahi kuniuliza liliishaje.

Kwa hiyo usiwaambie watu Kihonda kwamba wifi ana roho mbaya, aliombwa 200,000 akakataa. Nilikataa, ndiyo. Ingeliwa na marejesho wiki mbili tu na ungebaki palepale. Ulitaka nikukopee kikobani, kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa jina langu. Wadhamini wangu mle ni wanawake wawili wanaouza samaki Feri. Nikikwama, zinakatwa hisa zao, na wanaamka saa tisa usiku kuzitafuta. Ningewatazamaje? Riba ya kikoba inarudi kwetu tukivunja Desemba, ndiyo maana tunalindana hivyo. Na mshahara wangu unaujua. Nikitoka dukani nafunga ubuyu wa 200 hadi usiku, vidole vyekundu, kesho yake wateja wananiuliza nimepaka hina. Nami sina mume wa kunipokea mzigo. Mtu akiniona na viatu vipya anadhani zipo.

Basi, nilichotaka kusema ni hiki. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, hata yale ya dukani kwa Mangi, na kaka ayaone. Kaka hajui la simu, najua hajui. (Sasa atajua. Lazima mmoja wetu amwambie.) Usikope popote kulipia popote. Kikundi ulipe kwanza, wale ni majirani, wanakatwa wao kwa ajili yako. Kwa wale wa kausha damu nenda na mtu mzima, muwaombe wasimamishe riba upunguze mtaji kidogo kidogo, na waulize leseni yao iko wapi. Wengine wakiulizwa tu hilo wanalegea. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 imerudi tangu 2024, ile isiyo na riba, wanawake wana asilimia 4 humo, afisa maendeleo ya jamii wa kata atakueleza. Ila usiiguse kabla hujatoka kwenye haya, utazamisha na wenzako.

Na chapati acha kuziuzia dirishani unasubiri wapita njia. Kaka mguu umepona, anaweza kubeba ndoo. Wanafunzi wa chuo cha SUA wanaamka na njaa, chai na chapati mlangoni kwao saa moja asubuhi hawaulizi bei mara mbili. Nilikwambia hili mwaka juzi ukasema unaona aibu.

Cherehani nimeipata. Waliiuza, iko kwa fundi mmoja soko la Mawenzi, anataka 280,000. Nimeweka 100,000, risiti anayo mama. Iliyobaki ningeweza kujibana nikamaliza mwenyewe, lakini simalizi. Imalize wewe, hata kwa 5,000. Fundi amekubali kusubiri hadi mwisho wa Novemba, baada ya hapo sare zinaanza naye ataihitaji. Usimpelekee mama hela mkononi, atakurudishia ukanunulie watoto mboga. Peleka kwa fundi, andikiwa. Jumapili hafungui.