Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, watu wa Kagera tunaoishi Mwanza,

Vikao vya robo mwaka vilifanyika, rambirambi za misiba 4 zilifika, wagonjwa tuliwajulia hali. Hayo mnayafahamu, na mhazini ana karatasi zake.

Nieleze safari ya Igoma, hapa Mwanza, maana maneno yamekuwa mengi. Wajumbe kadhaa walitaka twende makaburi ya wahanga wa MV Bukoba siku ya Jumapili, watu wapate nafasi. Nilisimamia Mei 21 yenyewe, japo iliangukia Jumatano, na bado nasimama hapo. Meli hiyo ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996. Nani kati yetu angesogeza arobaini ya baba yake kwa sababu ya kazi?

Kuhusu Sh 640,000 nilizotoa kwenye fungu la sherehe ya Desemba kwa ajili ya safari hiyo: katiba yetu inamruhusu mwenyekiti, na stakabadhi zote zipo. Meli ile ilijengwa kubeba abiria wapatao 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili haipatikani kwa kuwa daraja la tatu halikuwa na orodha ya abiria. Wengi walizikwa Igoma bila kutambuliwa. Sisi watu wa Kagera tunaoishi Mwanza tusipofyeka nyasi pale na kuweka mashada, tunamwachia nani? Wazo hili nililileta mimi, na nitaendelea kulitetea.

Kilichoniuma ni mahudhurio. Tuko 86, waliothibitisha 52, waliofika 19. Koster ya pili ilikwenda karibu tupu na tumeilipia yote. Wakati huohuo mama mmoja aliyempoteza mumewe katika meli ile alitoka Sengerema, akavuka Busisi kwa kivuko, kwa nauli yake mwenyewe. Wapo wanaokaa Igoma hapohapo ambao hatukuwaona.

Ada nazo ni hivyohivyo. Waliomaliza ni 31, sawa na Sh 1,860,000. Wengine wamelipa nusunusu au hawajalipa kabisa, na baadhi yao ndio wanaohoji matumizi kwa sauti kubwa. Naomba tuheshimiane: alipe kwanza, kisha aulize, nami nitamjibu.

Mwakani, Mungu akipenda, Mei 21 inaangukia Alhamisi. Tutakwenda. Tunatarajia pia kuzungumza na wenzetu wa Bukoba tuone kama tunaweza kuungana, na ikiwezekana twende kisiwa cha Ukara kwa wahanga wa kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka 2018. Majina ya watakaokwenda Igoma yaanze kuandikishwa leo kwa katibu, pamoja na nauli mkononi.

Mwenyekiti