YAH: KUPINGA GHARAMA ZA MAZABODI KWA KOMPYUTA ILIYOKOSA FAMWEYA YA SAUTI

Sinza,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dukani kwenu laptop mpya yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, mkiwa mmeshaiwekea Debian 11, mfumo endeshi wa Linux. Kazi yangu ni kuhariri sauti: mahubiri, vipindi vya redio, matangazo yanayozungushwa mitaani kwa gari. Tangu siku ya kwanza mashine ilikuwa bubu, na kwenye mipangilio ya sauti palikuwa na “Dummy Output” peke yake, yaani mfumo haukuona kifaa chochote cha kutolea sauti.

Fundi wenu aliangalia hapo tu, akaandika kwamba kadi ya sauti imeungua kwa umeme kukatikakatika, hivyo waranti haihusiki na nilipie mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) mpya. Nikatozwa pia shilingi 30,000 za uchunguzi. Uchunguzi gani, wakati hakuna hata skrubu moja iliyofunguliwa?

Kadi haijaungua. Amri ya lspci inaionyesha mahali pake, 00:1f.3. Ni aplay -l ndiyo inayosema hakuna kadi, na hizo ni habari mbili tofauti: ya kwanza inataja kifaa kilichopo kwenye mashine, ya pili inataja kadi ambazo draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, imefanikiwa kuzisajili. Sababu ya draiva kushindwa imeandikwa wazi kwenye dmesg, kumbukumbu za kiini cha mfumo: faili la intel/sof/sof-tgl.ri halipo. Faili hilo ndiyo famweya ya sauti, yaani programu inayopakiwa ndani ya kifaa ili kifanye kazi. Mashine za aina hii zenye maiki za kidijitali hupitisha sauti kwenye kichakataji chake maalumu, na hicho hakiamki bila famweya. Diski rasmi ya Debian 11, ya mwaka 2021, haikuwa na famweya zisizo huru, yaani zile ambazo leseni zake hazikidhi masharti ya programu huru ya Debian. Zilianza kuwekwa kwenye diski rasmi na Debian 12, mwaka 2023. Ndiyo maana nilipoiwasha laptop hiyo hiyo kwa flashi ya Debian 12, palepale kaunta, muziki ulisikika mpaka kwa jirani yenu anayeuza vitenge. Fundi akasema ni bahati.

Kilichofuata ndicho kilichoniudhi zaidi. Alichukua mashine, akaongeza mstari wa dsp_driver=1 kwenye mipangilio ya snd_intel_dspcfg, akanirudishia akisema imepona. Sauti ilitoka, ila maiki ya ndani ikatoweka. Nilipouliza nikaambiwa maiki ni mbovu, ninunue ya nje, na kwamba mnazo dukani. Maiki si mbovu. Mstari ule unailazimisha mashine kutumia draiva ya zamani, nayo haizifikii maiki za kidijitali.

Dawa yake ni kifurushi cha firmware-sof-signed, kilichomo kwenye sehemu ya non-free ya hazina ya Debian 11. Ni kazi ya kunywea chai. Ningeifanya mwenyewe, lakini karatasi yenu ya waranti inasema mteja akigusa mfumo, waranti imekufa. Sasa mwenye ruhusa ya kugusa hajui, na anayejua haruhusiwi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo: mstari ule uondolewe na famweya iwekwe bila malipo, nirudishiwe shilingi 30,000, maelezo ya “kadi imeungua” yafutwe kwa maandishi, maana yakibaki yatatumika kuninyima waranti siku nyingine, na laptop nyingine za aina hiyo zilizoko rafuni zikaguliwe kabla hazijauzwa. Niliiona moja ikiwa imewashwa kwa maonyesho, nayo ilikuwa na “Dummy Output” ileile. Je, na hiyo imeunguzwa na umeme wa nyumbani kwangu?

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya risiti na ya dmesg, ambazo nimeziambatisha hapa.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya risiti vipo kwenye kiambatisho)