Wakala wa kweli wa vitabu haombi hela kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Hizi wiki mbili nimeona watu wakibishana humu kwenye ukurasa wa barua kuhusu mawakala wa vitabu wa nje, yaani wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji wa kununua kitabu chake, mmoja anauliza wanapatikanaje, mwingine anasema wote matapeli tusijisumbue. Nimeona niandike kwasababu nimehariri vitabu miaka mingi na vijana hawaishi kunitafuta na swali hilo hilo, hasa hawa wanaoandika habari za kweli, yaani mambo yaliyotokea, watu waliokuwepo, ila yamesimuliwa vizuri mpaka msomaji hataki kukiweka kitabu chini. Hawa ndio wanaumizwa zaidi na roho inaniuma.

Naanza na la muhimu ili hata anayesoma kwa haraka aondoke nalo. Wakala wa kweli hachukui hela ya mwandishi kabla hajauza kitabu. Hachukui ya kusoma mswada, hachukui ya usajili, hachukui ya kuhariri wala ya kutengeneza video ya kutangaza kitabu ambacho hata mchapishaji hakijapata. Analipwa kamisheni, na Marekani na Uingereza kwa kawaida ni asilimia 15 ya kile mwandishi anachopata, haki za kuchapa zikiuzwa nchi nyingine inafika 20 kwasababu huko mara nyingi kuna wakala wa pili wa kugawana naye. Yaani mchapishaji akitoa malipo ya awali ya dola 20,000, wakala anakata 3,000 yake na zinazobaki ni za mwandishi, tena haziji zote kwa mpigo, unapewa sehemu ukisaini mkataba, sehemu ukikabidhi mswada ukakubaliwa, sehemu kitabu kikitoka. Kitabu kisipouzwa wakala kafanya kazi bure, ndio maana anachagua sana na ndio maana anakataa watu wengi. Chama chao cha Marekani, Association of American Literary Agents, kina kanuni inayowakataza wanachama kumtoza mwandishi hela ya kusomewa kazi yake.

Najua kwanini watu wetu wananasa kirahisi. Sisi tumezoea dalali wa vyumba, hapa Mwanza kama Dar, anakutoza hela ya kukuzungusha hata kama hujapenda chumba hata kimoja, halafu ukipata anachukua kodi ya mwezi mzima. Sasa kijana akiambiwa na mtu wa New York lipa kwanza anaona ni kawaida tu, madalali ndivyo walivyo. Wakala wa vitabu hayuko hivyo, na kijana asiyejua tofauti hii anatoa hela ya ada akidhani anafuata utaratibu.

Binti wa dada yangu amekuwa akikusanya simulizi za watu walionusurika kwenye MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kuja Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wa waliopatikana wamezikwa Igoma, hapa Mwanza. Kaenda Kemondo, kaenda Bukoba mjini, kakaa na wazee wenye vidonda vya moyo ambavyo havijawahi kuulizwa. Siku moja kanipigia, hata shikamoo kaisema mbio mbio, "Mjomba, wamekubali kitabu changu Marekani, wanataka dola 850 tu za tathmini!" Hiyo ni zaidi ya milioni mbili za kwetu, na alikuwa tayari kwenda kuzikopa kwenye kikoba chao.

Nikamwambia nitumie hiyo imeli kwanza. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, imemsifia kwa jina, imetaja wachapishaji wakubwa, na chini ina jina la wakala ambaye yupo kweli na anafanya kazi kweli. Ila anwani ya imeli ilitofautiana na ya ofisi ya huyo wakala kwa herufi moja tu, na kwenye maneno yote yale ya sifa hakukuwa na sentensi hata moja inayoonyesha kwamba aliyeandika amesoma kurasa za binti. Hakutaja meli wala ziwa. Nikamshauri awajibu hivi, nashukuru, naomba hizo 850 mkate kwenye malipo yangu kitabu kikiuzwa. Wakajibu kwamba sera ya kampuni hairuhusu na nafasi inafungwa Ijumaa. Hapo hata yeye akaona. Hilo swali la "kateni kwenye mauzo" naomba kila mwandishi alishike, ni la bure na linamaliza ubishi.

Tena tusidhani ni sisi tu wa huku tunaolengwa. Mwanzoni mwa 2025 waendesha mashtaka wa San Diego walitangaza kesi dhidi ya watu wanaodaiwa kuwachukulia waandishi zaidi ya 800, wengi wazee, karibu dola milioni 44 kwa ahadi za aina hiyo hiyo, kitabu chako kinatakiwa na wakubwa, kitatengenezwa filamu, lipa kwanza hiki halafu lipa na kile. Kuna huduma ya bure mtandaoni inaitwa Writer Beware, ipo tangu 1998, kazi yake ni kufuatilia utapeli huu, na kabla hujamjibu mtu yeyote tafuta jina lake humo.

Sasa wa kweli anapatikanaje. Kwa anayeandika habari za kweli kuna jambo ambalo vijana wengi hawajui. Mtu wa riwaya anatakiwa amalize riwaya yote kwanza. Mtu wa habari za kweli kwa kawaida anauza kitabu kabla hajakimaliza, anauza andiko, kama yale maandiko ya miradi tunayoyajua, ila hili ni la kitabu. Linaweza kufika kurasa 30, 50 au zaidi. Ndani yake unaeleza kitabu kinahusu nini na kwanini sasa, wewe ni nani na umefikaje kwenye habari hii kuliko mtu mwingine, nani atakinunua, vitabu gani vya miaka ya karibuni vinakaa nacho rafu moja, kila sura itabeba nini, halafu sura moja au mbili zilizoandikwa kikamilifu. Ukiandika maisha yako mwenyewe mawakala wengi watataka mswada mzima, hapo unahesabiwa karibu na mtu wa riwaya. Kwa hiyo huyu binti asingepaswa kusubiri mpaka amalize kuzunguka vijiji vyote vya Kagera ndio aanze kutafuta wakala, anaweza kutafuta sasa, na malipo ya awali ndio yakamlipia nauli.

Kabla ya andiko kuna barua ya ukurasa mmoja ya kumwomba wakala asome, na hapa ndipo kazi inapoharibikia. Ya kwanza ya binti ilianza hivi, "Napenda kuwasilisha kwenu kitabu changu chenye mafunzo mengi kwa jamii kuhusu ajali za majini." Jamani hiyo ni lugha ya semina. Nikamuuliza ni kitu gani kilikunyima usingizi katika yote uliyosikia, akanisimulia kuhusu waliopanda mgongoni mwa meli ilipopinduka, wakawa wanasikia wenzao wakigonga chuma kutoka ndani, wakapiga kelele wasaidiwe, na ubavu ulipotobolewa ili watolewe hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Nikamwambia anza hapo. Sentensi mbili tu za jambo hilo zimefanya kazi kuliko ukurasa mzima wa mafunzo kwa jamii.

Majina ya mawakala msiyatafute kwenye matangazo, wakala mzuri hana shida ya kujitangaza kwa watu wasiomjua. Chukua vitabu vya habari za kweli ulivyovipenda, fungua ukurasa wa shukrani, mwandishi karibu siku zote anamshukuru wakala wake kwa jina. Huyo ndiye wa kumwandikia, na umwambie umefikaje kwake. Kisha hakikisha jina lake kwenye orodha ya wanachama ya chama cha Marekani nilichokitaja juu au kile cha Uingereza, Association of Authors' Agents, kilichoanza 1974. Kuna wazuri ambao sio wanachama, hapo utazame ameuza vitabu gani na kwa nani, wakala asiyeweza kukutajia kitabu hata kimoja alichouza huyo muache. Fuata maelekezo ya tovuti yake neno kwa neno, siku hizi wengi wanapokea kwa fomu tu, na wengi wakikaa kimya maana yake wamekataa. Tuma kwa wachache, soma wanachojibu, rekebisha, tuma tena.

Sasa niseme na ambalo wenye shauku hawataki kulisikia. Wakala wa London au New York atauliza msomaji wa kwao atanunua kwasababu gani, na jibu lake linaweza kuipinda habari yako. Kwenye MV Bukoba alikufa pia Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, na wenzake walitumwa huku kuhakikisha kama kweli kafa, mambo haya yalisemwa mahakamani New York kwenye kesi ya mabomu ya Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar. Ni habari ya kweli na inastahili sura yake. Lakini nawaambia mapema, kuna wakala atakayetaka huyo mtu mmoja awe ukurasa wa kwanza na jalada, na wale mamia wa Igoma wawe mandhari ya nyuma. Binti amesema hakubali na mimi niko naye. Wakala anakuwakilisha wewe, akitaka kitabu kingine kabisa usisaini naye.

Na ukifika kwenye kusaini angalieni haki za Kiswahili. Mwambie wakala mapema kwamba haki ya kuchapa kwa Kiswahili ibaki mikononi mwako, ili uje kuongea mwenyewe na mchapishaji wa hapa, Mkuki na Nyota au mwingine, maana ni aibu watu waliokusimulia huko Kemondo wasiweze kusoma maneno yao wenyewe. Kuhusu kodi, Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, Kenya pia haina, kwa hiyo mrabaha unaotoka kule kawaida unakatwa asilimia 30 kabla haujakufikia, uulize wakala mapema ili ukiona hela pungufu usidhani kakuibia.

Mtu atasema kwanini tuhangaike na wa nje wote hao. Kwasababu ndani kazi hii karibu haipo. Wachapishaji wetu waliishi kwa vitabu vya shule, na tangu vitabu vya kiada vichukuliwe na Taasisi ya Elimu wengi wanapumua kwa shida, hawana hela ya kumpa mtu malipo ya awali azunguke kuulizia ajali ya 1996. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ni jambo jema sana na nawapongeza, ila ilipotolewa mara ya kwanza 2023 ilianza na riwaya na mashairi, habari za kweli zikabaki nje. Mfuko wa Uingereza, Miles Morland Foundation, kuanzia 2013 uliwapa waandishi wa Afrika pauni 18,000 za kukaa kuandika mwaka mzima, na wa habari za kweli waliweza kuongezewa muda kwasababu utafiti unakula siku, ila kazi ilikuwa lazima iwe kwa Kiingereza. Na sisi ndio tuliokuwa na Shaaban Robert aliyekaa na Siti binti Saad akayaandika maisha yake kwa Kiswahili!

Ndio maana Mhariri nimekuandikia wewe na sio mtu mwingine. Wakala wa habari za kweli kitu cha kwanza anachouliza ni umechapisha wapi, anataka kuona simulizi ndefu yenye jina lako kwenye gazeti au jarida, iliyopita mkononi mwa mhariri. Wengine ndio wanavyogunduliwa, wakala anasoma simulizi gazetini anamtafuta mwenyewe mwandishi. Vijana wetu wanaionyesha wapi kazi yao? Magazeti yetu makala ikizidi maneno 800 inakatwa, na mara nyingi inakatwa pale pale ambapo mtu alikuwa anaanza kuongea.

Naomba gazeti litenge kurasa mbili za Jumamosi, hata mara moja kwa mwezi, kwa simulizi moja ya kweli ya maneno 3,000 au zaidi, mwandishi alipwe, na chini iandikwe wazi kwamba haki ya kitabu inabaki kwake. Muanze na ya MV Bukoba mwezi Mei, kurasa za kwanza ziko tayari. Kama shida ni mtu wa kuzihariri mimi nitahariri hizo za mwanzo bila malipo, imeli yangu mnayo hapo ofisini, nasubiri jibu lenu.

Wenu,
Msomaji wa Nyegezi, Mwanza