RCCB inayojizima mvua ikinyesha isirukwe, itafutiwe sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba tangu masika yaanze umeme wa nyumba yake ulikuwa unakatika kila usiku kwa sababu ya taa za bustani, na kwamba fundi wake alimaliza tatizo kwa kuiruka RCCB (kifaa kinachokata umeme ukivuja), yaani kuunga nyaya moja kwa moja ili umeme usipite tena ndani ya kifaa hicho. Msomaji alimshukuru fundi, akawashauri na wenzake wafanye vivyo hivyo. Mimi ni fundi umeme, nina miaka 19 katika kazi hii hapa Dar es Salaam, na kati ya Machi na Mei simu nyingi ninazopigiwa ni za taa za nje. Ushauri ule ni wa hatari.

RCCB haijali umetumia umeme kiasi gani. Hiyo ni kazi ya sakiti breka. RCCB inalinganisha umeme unaotoka kwenye fezi na ule unaorudi kwenye nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30, kwa zile tunazofunga majumbani, inakata. Tofauti ikiwepo, maana yake kuna umeme uliopata njia nyingine ya kurudi, iwe ni udongo uliolowa, nguzo ya taa au mwili wa mtu. Kifaa kinachojizima mvua ikinyesha na kutulia jua likiwaka kinafanya kazi yake sawasawa.

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo RCCB imerukwa, yenye nguzo ya taa ambayo fezi imegusa chuma chake, na nguzo yenyewe imeungwa kwenye nondo ya ethi ya nyumba, ile iliyochimbiwa ardhini, yenye ukinzani wa omu 50. Umeme wetu ni wa volti 230, hivyo utakaovuja ni ampea 4.6, na breka ya ampea 10 haitashtuka hata kidogo. Taa zikiwaka saa 12 za usiku, uvujaji huo peke yake utakula karibu uniti 13, na asubuhi mwenye nyumba ataanza kugombana na mita ya LUKU. La fedha ni dogo. Nguzo hiyo, pamoja na kila chuma kilichoungwa kwenye waya uleule wa ethi, friji ikiwemo, vitakaa usiku kucha vikiwa na umeme, na hakuna kitakachokata.

Kosa linalowasumbua mafundi zaidi, nami lilinitesa nilipokuwa mgeni katika kazi, ni la nyutro. Mwaka jana niliitwa Mbezi Beach na mama mmoja ambaye, kabla hata sijafungua begi, aliniambia, “Fundi, hii ni pasi ya tatu nanunua. Nikiiwasha tu, nyumba nzima giza.” Mafundi wawili walionitangulia walizima breka ya taa za nje, wakaona RCCB bado inatripu, wakahitimisha kwamba taa hazihusiki. Walikosea hapo. Breka ya kawaida ya njia moja inakata fezi tu. Nyutro ya taa inabaki imeungana na nyutro za nyumba nzima. Kama nyutro hiyo imegusa udongo mahali fulani, basi hata taa zikiwa zimezimwa, sehemu ya umeme unaorudi kutoka kwenye pasi itapita ardhini bila kupitia RCCB. Kitu kizito kisipowashwa, volti iliyopo kati ya nyutro na ardhi huwa ndogo mno na hakuna kinachotokea. Ikiwashwa pasi ya wati 1,000 na zaidi, volti hiyo inapanda kwa moja au mbili, na hiyo inatosha. Nilichomoa nyutro ya taa za nje kwenye baa yake, kile kipande cha chuma kinachokutanisha nyutro zote ndani ya meni swichi, nikamwomba mama awashe pasi. Ikapata moto, RCCB ikatulia. Zile pasi mbili za mwanzo alikwisha kuzigawa kwa majirani, nao wanazitumia mpaka leo.

Baada ya hapo ilibaki kupima. Maltimita ya betri ya volti 9 haifai kwa kazi hii, kwa sababu jointi yenye unyevu inaweza kuonekana nzima chini ya volti chache kama hizo. Tunatumia mega, inayosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya na ethi, umeme ukiwa umezimwa, fezi na nyutro zimeungwa pamoja, na taa zote pamoja na seli ya mwanga zimefunguliwa kwanza, maana mega haina huruma na taa za LED. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Pale nilipata karibu sifuri. Taa zilikuwa 8, zimefuatana kwenye ukuta wa uzio. Wengi wetu huanzia taa ya kwanza na kwenda moja moja, wakamaliza siku nzima. Nilikata katikati, baina ya taa ya 4 na ya 5: upande wa nyuma ulisoma zaidi ya megaomu 100, upande wa getini ukasoma vibaya. Nikaugawa tena ule mbovu, nikaugawa tena, na kwa mikato mitatu nikawa nimesimama mbele ya kiboksi kimoja kwenye nguzo ya geti.

Ndani yake palikuwa na jointi iliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake ilikwisha achia, udongo ulioletwa na sisimizi, mjusi kafiri aliyekauka, na maji yasiyozidi kijiko. Shaba ya nyutro ilikuwa ya kijani. Bomba liliingia kwa juu, bila gilandi, yaani kifungio cha kuzuia maji, na maji yakalifuata hadi ndani. Hewa yetu ya chumvi ikamalizia. Tunaponunua taa Kariakoo tunauliza wati na bei, mara chache tunauliza alama ya IP65, inayoonyesha kwamba taa haiingizi vumbi wala maji ya kurushiwa, lakini hata taa ya IP65 haisaidii kitu ikiwa jointi yake ni ya tepu ndani ya kiboksi kilicho wazi.

Kwa hiyo ukimwita fundi wa taa za nje, ukishaona leseni yake ya EWURA, mwulize kama amekuja na mega, na umwombe akuandikie namba aliyoipata kabla na baada ya kazi. Fundi wa kweli hachukii swali hilo.

Kwa msomaji mwenzangu wa wiki iliyopita, ninamwomba aende kwenye meni swichi yake, abonyeze kitufe chenye herufi T kwenye RCCB, aone kama umeme wa nyumba utakatika. Kwa jinsi alivyoeleza, hautakatika. Amwite fundi airudishe kazini, kisha saketi ya taa ichomolewe fezi na nyutro yake mpaka ipimwe. Kwa siku hizo, bustani ikae giza.

Wako,
Fundi umeme,
Temeke, Dar es Salaam